Jicho Kabla ya Pampu: Mafunzo Niliyopata Nikikagua Mashamba ya Ngano

Kwa misimu mingi nimekuwa nikikagua mashamba ya ngano katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya: Njoro, Molo, Mau Narok, na kushuka hadi Narok kwenyewe, ambako ngano hutandaa mpaka macho yanachoka. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaingia shambani, unatazama, unahesabu, unaandika, kisha unamweleza mwenye shamba kama kuna wadudu au ugonjwa, umefikia kiasi gani, na kama kuna haja ya kunyunyizia dawa. Ugumu uko katika kuirudia kila wiki, hata pale ngano inapopendeza na hakuna anayeona sababu ya kulowa umande alfajiri.

Nimewaona wakulima wakipoteza mavuno ilhali dawa waliyoihitaji ilikuwa imekaa stoo. Nimewaona wengine wakinyunyizia dawa ya ukungu mara mbili, mara tatu, kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Wote walikosa kitu kimoja, nacho ni habari sahihi za shamba lao kwa wakati unaofaa. Mafunzo haya nayaandika kwa mwenye ekari mbili na kwa mwenye ekari elfu mbili, maana kutu na vidukari hawaulizi ukubwa wa shamba.

1. Ngano huugua ndani kabla ya kuonekana nje

Kutu ya ngano ni ugonjwa wa kuvu. Spora yake, ambayo ni vumbi jepesi lisiloonekana moja moja kwa macho, hupeperushwa na upepo na kutua juu ya mmea. Ikikuta umande huota, hupenya ndani na kukaa humo kwa siku 7 hadi 14 hivi, kutegemea joto. Muda wote huo jani ni la kijani na mkulima ana furaha. Kisha ngozi ya jani au ya shina hupasuka, kipele hutokeza, na kipele kimoja hutoa maelfu ya spora kila siku. Kwa hesabu hiyo, shamba lenye vipele vichache vya kutafuta kwa shida leo linaweza kuwa jekundu baada ya majuma matatu.

Ndiyo maana siamini tena tathmini ya “shamba liko sawa” inayotolewa kutoka kwenye kiti cha gari. Mimi huenda kwanza mahali ambapo unyevu hukawia kukauka: mabondeni, kandokando ya mito, chini ya kivuli cha miti ya mpakani, na sehemu ambazo ngano imesongamana sana. Hapo huinama na kufunua majani ya chini. Kutu ikiwepo, mara nyingi hapo ndipo inapoanzia. Kuanzia wakati shina linaporefuka, ukaguzi wa mara moja kwa wiki ndio wa chini kabisa. Hali ya hewa ikiwa ya mvua na umande mwingi, mara mbili ni bora.

2. Kidole na kitambaa cheupe hutofautisha kutu tatu

Wakulima wengi husema “kutu” kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Zipo tatu, na kila moja ina tabia yake.

Kutu ya shina hutoa vipele virefu vya rangi ya tofali, kwenye shina, kwenye ala ya jani na pande zote mbili za jani. Ngozi ya mmea huchanika pembezoni mwa kipele, kwa hiyo ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Hupenda joto la mchana likifuatwa na usiku wenye umande. Hii ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu hukata njia ya maji na chakula kwenda kwenye suke, punje hubaki zimesinyaa, na shina dhaifu huanguka kabla kombaini haijafika.

Kutu ya majani hutoa vipele vidogo vya mviringo, vya kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, vilivyotawanyika hovyo hasa upande wa juu wa jani. Haichani ngozi ya mmea kwa ukali kama ile ya shina.

Kutu ya manjano hujipanga kwa mistari inayofuata urefu wa jani. Hupenda baridi, kwa hiyo huko Mau Narok na Molo huja mapema. Lakini kwenye mmea mchanga mistari hiyo huwa haijajitokeza, na vipele huonekana vimesambaa tu. Hapo rangi ndiyo husaidia.

Mimi hubeba kitambaa cheupe. Nikikipangusa juu ya jani, kutu huacha vumbi, na rangi ya vumbi hilo hunipa jibu la kwanza: la manjano, la chungwa, au la tofali. Na kama doa la kahawia lina vitone vyeusi visivyopanguka, hiyo si kutu. Yaelekea ni septoria, ugonjwa mwingine wa kuvu wa majani, nao unahitaji uamuzi wake.

3. Majani ya njano yana sababu nyingi

Mama mmoja wa Mau Narok aliniita akiwa na wasiwasi. “Mwanangu, ngano yangu imeshikwa na kutu. Nishanunua dawa.” Tulitembea pamoja. Njano ilianzia kwenye majani ya chini, kwenye ncha, na ilikuwa sawasawa katika sehemu yote iliyotuamisha maji. Kitambaa kilipita juu ya majani kikabaki cheupe. Mizizi ilikuwa imezama kwenye tope na mmea ulikuwa umekosa naitrojeni. Dawa ya ukungu isingebadilisha chochote. Alichohitaji ni mfereji wa kutoa maji, kisha mbolea.

Tangu hapo, kabla sijataja ugonjwa, huuliza maswali manne. Njano imeanzia majani ya juu au ya chini? Imekaa kwa viraka au imeenea kote? Inafuata mstari wa mashine ya kupandia au ya kunyunyizia? Na mizizi ikoje?

Virusi vya manjano vya shayiri, ambavyo huletwa na vidukari na hushambulia ngano pia, huacha mmea ukiwa umedumaa, ncha za majani zikigeuka njano au zambarau, na aghalabu hutokea kwa viraka vya mviringo pale vidukari wa kwanza walipotua. Baridi kali ya usiku ikipiga wakati wa masuke, masuke huweza kuwa meupe na tupu. Ugonjwa wa kuoza mizizi nao huleta masuke meupe, ila ukiing’oa ngano hiyo utakuta mizizi myeusi. Dalili ya juu ni moja, visababishi ni vingi. Anayeng’oa mmea na kuutazama mzima hadanganyiki kirahisi.

4. Ukingo wa shamba hautoi picha ya shamba

Pembezoni mwa barabara pana vumbi, pana njia ya ng’ombe, mara nyingi pana mbolea pungufu au mbegu zilizorudiwa. Ukikagua hapo tu, utakachokijua ni habari za pembezoni.

Mpango ninaoutumia ni kutembea kwa umbo la herufi W kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikisimama kwenye vituo nilivyovipanga kabla ya kuingia. Kwenye kila kituo nachukua mimea kadhaa bila kuchagua iliyo mizuri au mibaya, naikagua kuanzia chini hadi juu, na kuandika ni mingapi ina dalili. Idadi ya mimea ikiwa ile ile kila wiki, ninaweza kulinganisha wiki na wiki. Baada ya hapo huongeza vituo vya makusudi, yaani yale mabonde na vivuli nilivyovitaja. Hesabu hizo mbili siziunganishi. Ya kwanza hunieleza shamba kwa jumla, ya pili hunipa tahadhari ya mapema.

Kwa mashamba makubwa ya Narok, ambayo vitalu vyake hutofautiana mbegu na tarehe ya kupandwa, kila kitalu kina hesabu yake. Kuchanganya kitalu cha mapema na cha mwisho ni kupoteza maana ya zote mbili.

5. Umri wa mmea huamua utazame wapi

Watafiti wa ngano hutumia kipimo cha Zadoks, kilichochapishwa mwaka 1974, kinachoupa kila umri wa mmea namba kuanzia 0 hadi 99. Mkulima hana haja ya kukariri namba zote. Anachohitaji ni kujua mmea uko hatua gani, kwa sababu kila hatua ina hatari zake.

Ngano ikiwa changa, mpaka itoe machipukizi, natafuta vidukari, sota wanaokata mashina usawa wa ardhi, mchwa, na viwavijeshi. Shina linaporefuka, natafuta kutu ya manjano na septoria kwenye majani ya chini. Ngano inapobeba mimba, yaani suke likiwa bado ndani ya ala, jicho langu huhamia kwenye jani la bendera, lile la mwisho na la juu kabisa. Jani hilo pamoja na suke lenyewe ndiyo hutoa sehemu kubwa ya chakula cha kujaza punje, na ukilipoteza mapema hakuna dawa itakayolirudisha. Masuke yanapotoka na maua kuchanua, naangalia kutu ya shina kwenye ala na kwenye shingo ya suke, vidukari ndani ya masuke, na ugonjwa wa fusari, ambao hufanya sehemu ya suke iwe nyeupe huku nyingine ikibaki kijani.

Hatua ya mmea pia husema wakati wa kuacha. Kidukari anayeonekana wakati punje zimeshakuwa ngumu hana tena uwezo wa kupunguza mavuno kwa kiasi cha maana, na dawa ya wakati huo inaweza kubaki kwenye punje zitakazosagwa kuwa unga. Lebo ya dawa hutaja idadi ya siku ambazo lazima zipite kabla ya kuvuna. Siku hizo ziheshimiwe, maana ngano hiyo ni chapati ya mtoto wa mtu.

6. Jani lililojikunja lifunguliwe

Kidukari wa ngano wa Urusi aliripotiwa Kenya mwaka 1995, baada ya kuwa ameshaisumbua Afrika Kusini tangu 1978. Ni mdogo, wa kijani kilichopauka, mwembamba kuliko vidukari wengine. Akifyonza, mate yake huacha michirizi myeupe, ya njano au ya zambarau kwenye jani, na jani hujiviringa likawa kama jani la kitunguu. Yeye na watoto wake hukaa humo ndani. Jike huzaa bila dume, na huzaa watoto hai, kwa hiyo jani moja lililojikunja linaweza kubeba ukoo mzima.

Anayetembea akiangalia kwa juu huiona michirizi na kudhani ni ukame. Anayesimama na kufungua jani huwaona. Wakati wa kiangazi kirefu, hasa ngano ikiwa changa, hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza: kufungua majani. Suke likishaanza kutoka, mashambulizi hayo hulikamata ndani ya jani la bendera, likatoka limepinda.

Funzo la kidukari huyu lina sehemu ya pili. Dawa inayoua kwa kugusa tu haimfikii akiwa ndani ya jani. Wengi wamenyunyizia, wakaona vidukari wengine wamekufa juu ya majani, wakaridhika. Dawa inayopenya na kusafiri ndani ya mmea, au mbegu iliyotibiwa kabla ya kupandwa, ndiyo hufanya kazi. Kwa hiyo baada ya kila unyunyizaji hurudi shambani baada ya siku chache na kufungua majani tena. Unyunyizaji ambao haukukaguliwa ni gharama ambayo hujui kama imelipa.

7. Wahesabu wadudu wazuri pamoja na wabaya

Shamba la ngano lina wadudu wengi ambao hawali ngano hata kidogo. Wapo mbawakawa wadogo wekundu wenye madoadoa meusi, na watoto wao weusi walio warefu, ambao hula vidukari kutwa. Wapo mabuu wa wale nzi wanaofanana na nyuki. Wapo nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mwili wa kidukari. Ukiona vidukari waliovimba, waliokauka, wa rangi ya kahawia, hao wameshauawa na nyigu.

Katika daftari langu kuna safu ya vidukari na safu ya maadui wao. Vidukari wakiongezeka na maadui wao hawapo, nashauri maandalizi ya dawa. Vidukari wakiwa wengi kiasi lakini nusu yao wameshakauka, nashauri kusubiri siku tatu nne na kuhesabu tena. Mara nyingi kusubiri kwa namna hiyo kumemwokolea mkulima pesa. Dawa ya kuua wadudu wote ikipigwa mapema bila sababu, huwaondoa walinzi, na vidukari wachache waliosalia huzaliana bila kizuizi.

Kila mdudu ana kiwango ambacho chini yake gharama ya dawa ni kubwa kuliko hasara. Kwa kidukari wa Urusi, miongozo mingi niliyoitumia hukiweka kati ya asilimia 10 na 20 ya mimea iliyoshambuliwa kabla ya masuke kutoka, na hupanda au kushuka kufuatana na umri wa mmea, bei ya ngano na bei ya dawa. Muulize afisa wa kilimo kiwango cha eneo lako. Kwa kutu, kiwango hicho ni cha chini zaidi, hasa kama mbegu ni ya aina isiyoistahimili: vipele vya kwanza vikionekana kabla ya maua, na mvua zinaendelea, uamuzi usilale.

8. Mbegu iliyostahimili jana inaweza kushindwa kesho

Njoro inaijua kutu kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lord Delamere alipanda ngano huko, kutu ikaifagia, na hapo ndipo kazi ya kuzalisha mbegu zenye ukinzani ilipoanzia nchini Kenya. Mwaka 1927 kilianzishwa kituo cha utafiti wa mbegu, ambacho leo kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya.

Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona kutu ya shina kwenye ngano ambayo haikutarajiwa kuipata. Ngano hiyo ilikuwa na jeni ya ukinzani iitwayo Sr31, iliyokuwa imelinda mashamba ya nchi nyingi kwa miongo kadhaa. Sampuli zilichunguzwa Afrika Kusini, na mbari hiyo mpya ya kutu ikapewa jina la Ug99. Mwaka 2005, kwa msukumo wa Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1970, wataalamu walikutana Nairobi kupanga namna ya kuikabili duniani kote. Kufikia 2006 mbari hiyo ilikuwa Yemen, na 2007 ikathibitishwa Iran. Tangu wakati huo, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro kila msimu ili zijaribiwe mbele ya kutu yenyewe.

Yaliyotokea Kenya mwaka 2006 na 2007 ndiyo ninayoyasimulia kila ninapokutana na mkulima anayeniambia mbegu yake haishikwi. Aina ya Kenya Mwamba ilikuwa imepandwa kwenye karibu asilimia 30 ya eneo la ngano nchini, na kinga yake ilitegemea jeni nyingine, Sr24. Mwaka 2006 watafiti walipata mbari ya Ug99 yenye uwezo wa kuishinda jeni hiyo, ikiwa kwa kiasi kidogo tu. Mwaka uliofuata ilikuwa mlipuko. Ethiopia nayo iliona jambo hilo. Baada ya kutu ya manjano kuharibu mavuno mwaka 2010, wakulima wengi walihamia kwenye aina ya Digalu. Msimu wa 2013 hadi 2014 mbari nyingine ya kutu ya shina, isiyo ya ukoo wa Ug99, ikaiangusha Digalu huko Bale na Arsi.

Kwa hiyo mbegu yenye ukinzani inunuliwe, ni msingi wa kila kitu. Lakini ikaguliwe kwa bidii ile ile. Na ukiona kipele kimoja cha kutu kwenye aina ambayo haishikwi na kutu, usikipuuze kwa sababu ni kimoja. Hicho ndicho kipele muhimu kuliko vyote ulivyoviona msimu huo.

9. Kati ya misimu, ugonjwa haukwenda likizo

Kutu ya ngano huishi juu ya mmea hai. Ngano yote ikikauka, nayo hufa. Lakini Kenya ngano haikauki yote kwa wakati mmoja. Wakati Narok wanavuna, Njoro na Uasin Gishu ngano bado ni ya kijani, na Timau wana ratiba yao. Juu ya hapo kuna ngano inayojiotea yenyewe kutokana na punje zilizomwagika wakati wa kuvuna. Hiyo hubeba kutu na vidukari kutoka msimu mmoja hadi mwingine, na nyasi pori nazo huwahifadhi vidukari.

Baada ya mavuno hupita kwenye mashamba kuangalia ngano hiyo ya kujiotea. Ikiwa na vipele au majani yaliyojikunja, mkulima ashauriwe kuilima au kuiua kwa dawa ya magugu mapema, kabla hajapanda upya. Kazi hii haina mvuto, lakini ni rahisi kuliko zote zinazofuata.

10. Daftari hulinda kumbukumbu

Katika kila ukaguzi huandika tarehe, kitalu, aina ya mbegu, hatua ya mmea, mvua ya wiki iliyopita, nilichokiona, mimea mingapi kati ya mingapi, na ushauri nilioutoa. Kwa kutu, huandika makadirio ya asilimia ya shina au jani lililofunikwa, pamoja na herufi inayoonyesha mmea umeitikia vipi, kuanzia R kwa unaostahimili hadi S kwa unaoshindwa. Ndivyo watafiti wanavyofanya, na 40S niliyoiandika mimi ataielewa mtafiti wa Njoro au wa Addis Ababa bila maelezo zaidi.

Faida ya daftari huonekana pale mtu anapofungua kurasa za misimu iliyopita na kuona kwamba kitalu cha bondeni huanza kutu kabla ya vingine, au kwamba dawa fulani ilifanya kazi miaka ya kwanza kisha ikapungua nguvu. Dawa za kundi moja zikitumiwa mfululizo, kuvu na wadudu huzizoea, na bila kumbukumbu hutajua ni kundi gani ulilotumia mwaka jana. Simu yenye kamera na ramani inasaidia sana siku hizi. Bado, picha isiyo na tarehe, kitalu na aina ya mbegu ni pambo tu.

11. Habari za shamba ni za jirani pia

Wapo wakulima wanaoficha ugonjwa wakihofia kwamba mnunuzi atashusha bei au jirani atawacheka. Waswahili wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye ngano kifo hicho huwa cha tarafa nzima, kwa maana spora haina mpaka.

Ukiona jambo usilolijua, mwite afisa wa kilimo au uwasiliane na kituo cha utafiti. Sampuli ya kutu iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza. Iandikwe mahali, tarehe na aina ya mbegu. Usiibebe kuvuka mpaka wa nchi. Na ukitoka kwenye shamba lenye kutu, usiingie kwenye shamba safi na nguo zile zile.

Faida ya kutoa habari mapema imeshaonekana. Nchini Ethiopia, taarifa za wakaguzi wa mashambani huunganishwa na utabiri wa upepo na hali ya hewa, na wakulima huonywa kuhusu kutu kabla haijawafikia. Nchini Tanzania, katika wilaya kama Kilosa, wanakijiji walifundishwa kuhesabu nondo wa viwavijeshi kwenye mitego na kutoa tahadhari kijijini kwao wenyewe. Kazi ya kuhesabu haikuwangoja wenye shahada.

Tunahitaji macho hayo zaidi sasa. Ugonjwa wa blasti ya ngano, ulioonekana kwanza Brazil mwaka 1985 na kuingia Bangladesh mwaka 2016, uligunduliwa Zambia, wilayani Mpika, katika msimu wa mvua wa 2017 hadi 2018. Huyafanya masuke yapauke kwa siku chache na punje kusinyaa. Zambia imepakana na Tanzania. Wakulima wa ngano wa Nyanda za Juu Kusini wanapaswa kuijua dalili hiyo, na mbegu ya kupitisha mpakani kienyeji ikataliwe.

Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayokula, kwa hiyo kila gunia linalopotea shambani hununuliwa tena kwa fedha za kigeni. Serikali za kaunti ziajiri wakaguzi wa kutosha, ziwape usafiri, na vituo vya utafiti virudishe majibu ya sampuli kwa mkulima aliyezitoa. Nawe mkulima, wiki hii tenga asubuhi moja. Chukua daftari, kalamu na kitambaa cheupe, ingia katikati ya shamba, inama, fungua majani, hesabu, andika. Kisha ndipo uamue kama pampu itoke stoo.